Vidonge vya Mkwe

Ukiwa na kidonge cha kuficha, mtafute mtu mwingine wa kumficha, si mfamasia. Tena mfamasia uliyemzaa mwenyewe, anayekujua hata unavyopepesa macho ukisema uongo. Lakini mama alijaribu. Asubuhi ile ya Alhamisi, siku ya tatu tangu apasuliwe ngiri, alisimama jikoni na glasi ya maji mkononi, akageukia ukutani, akarusha kichwa nyuma kama kuku anayekunywa. Binti yake alikuwa mlangoni, mkoba begani, anatafuta funguo.

"Unameza nini, mama?"

"Maji."

"Maji hayamezwi hivyo."

"Vitamini, basi."

"Nionyeshe."

"Mwanangu, vitamini nayo ni ya kuonyeshwa? Nenda kazini, utachelewa."

Binti hakwenda kazini. Alinyoosha kiganja, akakiacha pale pale hewani, mpaka mama akachoka kukitazama. Kutoka mfuko wa gauni ikatoka bahasha ndogo ya karatasi, ile ya famasi, na ndani yake vidonge sita vyeupe, virefu. Hakuhitaji kuvigeuza. Vidonge vile alivijua hata gizani.

"Mama, hii si vitamini. Hii ni antibayotiki. Nani kakupa?"

Mama alivuta kiti akakaa polepole, mkono mmoja umeshika kidonda. "Mkwe wangu," alisema.

"Kwanza hajawa mkwe wako."

"Keshokutwa wazee wake wakija atakuwa. Au hawaji?"

"Wanakuja. Alikupa lini?"

"Juzi, siku ya kutoka. Aliniletea mwenyewe kitandani. Akaniambia nimeze asubuhi na jioni, siku tano, na nisikusumbue kwa habari hizo kwa sababu una mambo mengi."

"Alisema usiniambie?"

"Alisema nisikusumbue." Mama akamtazama binti yake kwa jicho la mtu anayeanza kuhisi amemwaga mtama. "Kwani kuna ubaya gani? Mkwe gani mwingine anamfungia mama mkwe vidonge kwa mkono wake? Anakupenda yule mtoto. Na mimi ananipenda. Usimgombeze."

Binti alirudisha vidonge ndani ya bahasha, akaitia mkobani. Alimwambia mama asimeze kingine chochote, akambusu kwenye paji la uso, akatoka. Alifika mtaa wa pili ndipo akakumbuka kuwa hakupata funguo na mlango ameuacha wazi. Akili ilikuwa imemruka.

Na si ajabu imruke. Hospitalini watu walimwita Dozi Moja. Wengine walimwita hivyo kwa heshima, wengine kwa kumcheka, na yeye aliitika pande zote mbili. Jina lilitokana na wimbo wake wa mwaka mzima. Kabla yake, mtu akipasuliwa hapo alichomwa antibayotiki siku tano, siku saba, hata siku kumi baada ya kushonwa, eti kwa usalama. Dozi Moja alikuja na karatasi zake na sauti yake ndogo, akasema kwa upasuaji mwingi inatosha sindano moja, ichomwe ndani ya saa moja kabla ya kisu, basi. Kinachozidi hapo hakilindi kidonda. Kinaharibu tumbo la mgonjwa na kuwafundisha vijidudu usugu. Aliyasema hayo wadi baada ya wadi, akavumilia vicheko, akajaza fomu.

Wa kwanza kumcheka alikuwa daktari wa wadi ya pili, mpasuaji ambaye manesi walimwita Mkono Mwepesi. Wa kwanza kukubali alikuwa yeye huyo huyo. Na kati ya kucheka na kukubali, jambo jingine likaingia ambalo fomu haikuwa na nafasi yake. Walianza kwa kubishana kwenye ngazi, wakaendelea kwa kunywa chai, na sasa keshokutwa, Jumamosi, wazee wake walikuwa wanakuja kumposa.

Kesho yake, Ijumaa saa tatu asubuhi, kamati ya hospitali ilikuwa inakaa kumsikiliza Dozi Moja. Wakikubali, dozi moja inakuwa kanuni ya hospitali nzima. Na mfano wake mkubwa, uliomfanya alale akitabasamu, ulikuwa wadi ya pili. Miezi mitatu, wagonjwa thelathini na mmoja, wote dozi moja, bila hata mmoja kuzidisha.

Alipokuwa akitembea alijibembeleza. Labda ni mama peke yake. Mtu akimpasua mama wa mchumba wake lazima mkono umtetemeke kidogo, na kosa la namna hiyo ni kosa la mapenzi, unaweza kulisamehe na hata kulicheka uzeeni. Alijiambia hivyo mpaka langoni. Alitaka sana iwe hivyo.

Sista mkuu wa wadi ya pili, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alikuwa anahesabu mashuka.

"Sista, shikamoo. Nina swali dogo. Wagonjwa wa daktari wakiruhusiwa, wanaondoka na nini?"

"Marahaba. Na karatasi yao, na maelekezo ya kidonda." Akaendelea kuhesabu. "Na bahasha zao."

"Bahasha zipi?"

Sista akaacha mashuka. "Za vidonge. Anawaandikia, wananunua famasi ya ng'ambo ya barabara, siku tano. Wasioweza anawaletea yeye." Akamtazama Dozi Moja juu ya miwani. "Mbona unaniuliza kama hujui?"

"Wote?"

"Wote. Sisi tulidhani unajua. Si mnaoana?"

Dozi Moja aliushusha mkoba begani, akaushika kwa mikono miwili.

"Tulisema hivi," sista aliendelea, kwa sauti ya chini sasa, maana alikuwa na roho nzuri, "tulisema, wadini bibi anapata hesabu yake, nyumbani bwana anafanya yake, na wenyewe wamepatana. Mambo ya ndani hayo. Nani aingie?"

Kwa hiyo walijua wote. Manesi walijua, mfamasia wa ng'ambo ya barabara alijua, labda hata mlinzi alijua. Na kibaya zaidi, walidhani na yeye anajua, na anafumba macho kwa ajili ya pete. Dozi Moja alishukuru, sijui alishukuru nini, akatembea hadi ofisini kwake akiwa amekumbatia mkoba kifuani.

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja kati ya stoo ya dawa na choo cha wafanyakazi, chenye meza, viti viwili na feni inayogoma. Alitoa fomu zote mezani, za wadi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Alipitisha kidole. Mwisho wa kila fomu kulikuwa na mstari aliouweka yeye mwenyewe: simu ya siku ya tatu. Ndiyo kazi aliyojipa, kumpigia mgonjwa nyumbani siku ya tatu baada ya kuruhusiwa na kumuuliza kidonda kinaendeleaje na anameza dawa gani. Wadi ya kwanza, mstari umejazwa. Wadi ya tatu, umejazwa, hata wale waliomkatia simu aliwaandika. Wadi ya pili ulikuwa mtupu, fomu thelathini na moja.

Hakuwahi kumpigia hata mmoja. Alijaribu kukumbuka kwa nini, na sababu alizopata zilikuwa nyingi mno. Kwamba daktari alimpa habari za wagonjwa wake kila jioni. Kwamba muda haukutosha. Kwamba ingekuwa kama kumpeleleza mwenzake. Alizipanga sababu hizo moja moja na hakuna iliyokaa vizuri.

Hapo mlango ukagongwa, akaingia mtu ambaye siku hiyo hakumhitaji hata kwa dawa. Dada mkubwa wa daktari alikuwa mkaguzi wa shule, mwanamke mrefu aliyezoea kuingia vyumbani watu wakasimama. Dozi Moja akasimama.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, wifi. Kaa, kaa. Napita tu. Nimekuja kwa habari ya Jumamosi. Wazee watakuwa sita, saa nne kamili, na mjomba hapandi ngazi, kwa hiyo kikao kiwe chini." Akakaa yeye, akapangusa meza kwa kidole, akakitazama. "Na nimekuja kusema jambo moja moyoni mwangu kabla hatujawa ndugu. Wewe unajua tulikukataa mwanzoni."

"Najua, dada."

"Hujui sababu. Si elimu, si ukoo. Ni ile siku uliyomsahihisha kaka yangu mbele ya wanafunzi wake. Ulimuuliza nini vile?"

"Nilimuuliza dawa ya siku ya sita inakinga nini, wakati kidonda kimeshafunga."

"Hilo hilo. Akaja nyumbani, akasema nimempata mwanamke. Mama akamuuliza umempataje. Akasema amenisahihisha. Mama alikosa usingizi wiki nzima." Dada alicheka kidogo, kicheko cha ofisini. "Tukasema, akimsahihisha kazini, nyumbani itakuwaje? Atahesabiwa hata vijiko vya sukari. Lakini nimeona mabadiliko. Miezi hii mitatu kaka yangu amenenepa. Anasema hamgombani tena. Anasema umetulia. Nami nikawaambia wazee, binti amejifunza kunyamaza. Hilo tu ndilo tulilokuwa tunataka, wifi. Hongera."

Mtu anaweza kusifiwa akatamani angetukanwa. Dozi Moja alisema ahsante kwa sauti ambayo hakuitambua. Dada aliinuka, akamkumbatia kwa bega moja, akaondoka akiacha marashi yake chumbani.

Miezi mitatu bila ugomvi. Yeye alidhani ni mapenzi yamekomaa. Alikumbuka jioni zile, daktari akisema "ndiyo, mpenzi, dozi moja," na yeye akifurahi kama mtoto, na hakuna aliyemuuliza mwenzake jambo la pili. Kumbe utamu ule ulikuwa umetiwa nini ndani yake? Hakujua. Kama ulikuwa uongo, mbona moyo ulikuwa unapiga kweli?

Saa sita mchana alimkuta kwenye chumba cha chai cha madaktari, ametoka chumba cha upasuaji, kofia ya kijani bado kichwani na alama ya barakoa imemkaa juu ya pua. Alama ile Dozi Moja aliipenda. Aliichukia siku hiyo kwa sababu aliipenda bado.

"Karibu," daktari alisema, akammiminia chai bila kuuliza, sukari nusu kijiko. "Mama hajambo?"

"Hajambo. Anameza vitamini."

Kikombe kilisimama njiani. Daktari akakirudisha mezani taratibu, akavua kofia. Alikuwa na macho ya watu wasiojua kudanganya, na hilo ndilo lililomchanganya Dozi Moja kuliko vidonge vyenyewe.

"Nilitaka kukuambia," alisema.

"Lini?"

"Baada ya kikao."

"Baada ya mimi kusimama mbele ya watu ishirini, niseme wadi yako ndiyo mfano?"

"Si uongo kabisa. Wadini walipata dozi moja. Ulichoandika ndicho kilichotokea wadini."

"Na nyumbani?"

"Nyumbani hukuuliza."

Hakulisema kwa ubaya. Lakini liliingia, na Dozi Moja akakisukuma kikombe pembeni.

"Ungebishana nami," alisema. "Mwanzoni ulibishana. Ulinirushia maswali mpaka nikalia chooni. Nilikuheshimu siku ile. Kwa nini uliacha?"

"Mwanzoni sikukupenda."

"Hilo ni jibu gani?"

"Ndilo nililonalo." Akajipangusa uso kwa viganja viwili. "Siku ya kwanza niliyokubali, ulikuja na fomu yako ukasema 'safi, daktari,' ukanitazama. Hujui ulivyonitazama. Nikasema, kwa macho haya nitakubali na kesho. Na kesho yake nikakubali. Halafu mgonjwa anaruhusiwa, nasimama mlangoni nikimtazama anavyoondoka, na roho inakataa. Naandika. Najiambia, huyu tu. Halafu mwingine."

"Umesoma utafiti wote niliokupa."

"Nimeusoma mara mbili. Kichwa kimeelewa, mikono ndiyo haijaelewa." Aliitazama mikono yake. "Nilikuambia habari ya yule mama wa mwaka wangu wa kwanza?"

"Hujawahi."

"Upasuaji mdogo tu. Nilimshona vizuri, mwalimu wangu akanisifu. Siku ya nane alirudi, kidonda kimeoza. Alinishika mkono huu, akaniuliza nilisahau nini. Sikuwa nimesahau kitu, lakini sikuwa na la kumjibu, na jioni akafa. Tangu siku hiyo kila nikimaliza kushona, nasikia swali lile. Vidonge ndivyo vinavyonijibia."

Dozi Moja alitaka kumpiga na alitaka kumkumbatia, na alitaka yote mawili kwa wakati mmoja. Mbona hakuambiwa hadithi hii? Mwaka mzima amelala na wimbo wake wa dozi moja, anaimba mbele ya mtu mwenye jeraha, na hakuliona. Nani hapa amemdanganya nani? Alijaribu kukasirika vizuri, hasira ya kueleweka, ikawa inamponyoka.

"Mama yangu ulimpa kwa sababu ni mama yangu," alisema.

"Ndiyo."

"Na wale thelathini?"

"Nao ni mama wa watu."

Chai ilipoa. Mtu mmoja alichungulia mlangoni, akaona nyuso zao, akakumbuka ana kazi kwingine.

"Kwa hiyo unaniacha?" daktari aliuliza. Aliuliza kwa upole, kama anayeuliza saa.

"Usiniulize hilo sasa. Sijui hata jina langu." Dozi Moja alitoa karatasi mkobani, akaifungua juu ya meza. "Hawa ni wagonjwa wako wa wiki mbili zilizopita. Kumi na mmoja, ukimtoa mama. Na namba zao. Utawapigia."

"Mimi?"

"Wewe. Weka sauti nje nisikie, mimi niandike. Waulize kidonda, waulize tumbo, na wanaomeza bado uwaambie waache, na uwaambie kwa nini."

Daktari aliitazama karatasi, akatoa simu. Wa kwanza alikuwa dereva wa lori. Alisikika akipiga honi.

"Vidonge? Daktari nisamehe, niliviacha siku ya pili. Vilinichafua tumbo. Unaendeshaje lori na tumbo limechafuka? Kidonda? Kimeshapona, najikuna tu."

Wa pili alikuwa amegawana vyake na mumewe mwenye mafua. Wa tatu hakupokea. Wa nne alivimaliza vyote na akashukuru mno, akamwombea daktari baraka mpaka daktari akafumba macho. Kila mmoja Dozi Moja alimwandika, mstari kwa mstari, na kila jibu lilimkata mahali pawili, kwa ajili ya kazi na kwa ajili ya daktari.

Wa saba alikuwa mzee fundi saa, umri sabini na mbili. Simu ilipokewa na binti yake.

"Daktari, afadhali umepiga. Tulikuwa tunajiuliza tukuambie au tusikusumbue. Baba haendi mbali na choo, leo siku ya nne. Tukasema ni dawa inasafisha. Na vidonge vilikwisha juzi, tukataka kuuliza kama anunuliwe vingine."

Daktari alisimama bila kujua amesimama. "Asinunuliwe chochote. Anakunywa maji?"

"Kidogo sana. Amelala tu."

"Anazungumza vizuri?"

"Anazungumza, lakini tangu asubuhi ananiita kwa jina la shangazi."

"Mlete sasa hivi. Usingoje gari lolote, kodi lililo karibu. Mimi nitakuwa getini."

Alikata simu, akamtazama Dozi Moja. Uso ulikuwa umemshuka hata akaonekana mzee. Walitoka mbio wote wawili, Dozi Moja kwenda kuandaa maji ya mshipa, daktari kwenda getini, na chai yao ikabaki pale na ngozi juu.

Mzee aliletwa amekauka, midomo imepasuka, macho yamezama. Daktari alimbeba mwenyewe kutoka garini, kwa mikono ile ile miepesi, akamweka kitandani kama anaweka kitu cha kioo. Maji yakaanza kuingia. Dozi Moja alipitia dawa zake zote moja moja, akasimamisha mbili, akaandika ile ya kutibu tumbo lililoharibiwa na antibayotiki, akaileta mwenyewe kutoka stoo. Walifanya kazi bega kwa bega bila kugongana hata kiwiko. Sista mkuu aliwatazama, akashindwa kuelewa hawa wamegombana au wamepatana.

Kufika saa kumi mzee alifumbua macho, akamwita binti yake kwa jina lake. Binti akaanza kulia. Daktari alivuta kiti, akakaa mbele yake.

"Nisikilize, dada yangu. Baba yako hakuwa na haja ya vidonge vile. Sindano moja kabla ya upasuaji ilimtosha. Nilimpa kwa sababu ya woga wangu, na ndivyo vilivyomfikisha hapa. Akipona vizuri au asipopona vizuri, ujue ni mimi."

"Lakini ulikuwa na nia njema, daktari," binti alisema.

"Nia ilikuwa yangu. Tumbo ni lake."

Dozi Moja alikuwa upande wa pili wa kitanda, ameshika chupa ya maji ambayo haikuhitaji kushikwa. Kama angeulizwa dakika hiyo anampenda mtu huyu, angesema ndiyo kabla swali halijaisha. Na kama angeulizwa anamwamini, angesema hapana, pia haraka. Hakujua mtu anaolewaje na majibu mawili.

Walikutana kwenye korido, karibu na dirisha linalotazama ua wa kuanikia mashuka. Jua la jioni lilikuwa limepungua makali. Daktari alisimama hatua mbili mbali naye, mbali kuliko walivyozoea.

"Kesho andika jina langu," alisema. "Usiandike wadi ya pili. Andika mimi. Sema ulidanganywa. Uliniamini, nami nikaitumia vibaya imani yako. Ndiyo ukweli, na hautakuharibia kazi yako."

Ilikuwa njia nzuri ya kutokea. Iliachwa wazi, imefagiliwa, na mtu aliyempenda ndiye aliyemfagilia. Kesho angesimama mbele ya kamati akiwa mwanamke aliyedanganywa, na watu ishirini wangemhurumia. Dozi Moja aliitazama njia hiyo, na ghafla zile sababu zake za asubuhi, zilizokataa kukaa vizuri, zikampisha, akaiona sababu yenyewe iliyokuwa chini yake.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini?"

"Sikukuamini. Wadi ya kwanza niliwapigia wote. Wadi ya tatu niliwapigia wote, hata kwa yule mpasuaji ambaye namwamini kama ninavyomwamini baba yangu. Kwako sikupiga hata simu moja. Ningekuamini ningepiga, maana ningejua nitakachojibiwa." Akageukia dirishani. "Niliogopa. Nilikuwa na furaha, nikaogopa kuuliza."

"Ulijua?"

"Sikujua. Nilijizuia kujua. Sijui kama kuna tofauti. Na yule mzee amelala mle kwa woga wa watu wawili, si wako peke yako. Hivyo ndivyo nitakavyoandika."

Daktari alisogea hatua moja, akasimama hapo. Macho yake yalikuwa yamejaa, wala hakuyaficha. Walitazamana, na katika miezi mitatu yote ya utamu hawakuwahi kutazamana hivyo.

Simu ikalia mkononi mwa daktari, akaipokea. Ilikuwa dada yake, na kwa kuwa mchana kutwa simu ilikuwa imewekwa sauti nje, sauti ya mkaguzi wa shule ilitoka ikajaa ukutani.

"Mbona hupokei? Nimeshawaambia wazee, saa nne kamili. Mjomba ameshapiga pasi shati. Unanisikia?"

Daktari alimtazama Dozi Moja. Akamnyooshea simu.

Dozi Moja aliipokea. "Shikamoo, dada. Ni mimi."

"Marahaba, wifi. Uko naye? Vizuri."

"Naomba wazee wasije Jumamosi hii. Tutawaambia siku nyingine, kama ipo. Kuna jambo nilipaswa kumsahihisha kaka yako miezi mitatu iliyopita. Nimechelewa."

Dada alisema, kwa sauti iliyopungua ukaguzi, "Mimi nilidhani umeacha."

"Niliacha, dada. Ndiyo maana hawaji."

Alimrudishia daktari simu yake. Kisha wakarudi wadini, mmoja mbele na mwingine nyuma, kupima presha ya mzee.